Kikombe Chako na Baiskeli Yangu

Mwanangu Tausi,

Marahaba. Huku hatujambo, ila magoti ya mama yako na mvua hizi hayapatani. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Umeteuliwa mfanyakazi bora, Mei Mosi utapewa cheti na kikombe. Huku likizo yako imesogezwa mara mbili na kila siku unatoka kazini saa mbili usiku. Unauliza upokee au ukatae.

Kwanza nikuulize mimi: huyo aliyekuteua anakujua?

Nauliza kwa sababu ya baiskeli. Ninyi mnaijua ni ya nyumbani, mliyojifunzia mkipenyeza mguu chini ya bomba. Mnajua niliipata kiwandani. Ilivyopatikana sijawahi kuwasimulia vizuri. Ilikuwa Mei Mosi ya 1986. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na moja ya kazi idara ya kufuma, zamu ya usiku kwa mchana, mashine sita mikononi mwangu. Kwa kelele zile tulisemeshana kwa midomo na vidole, na alfajiri ulitoka nyusi zimejaa pamba utadhani mzee wa miaka tisini. Basi jina likasomwa, nikapanda jukwaani na shati alilolipiga pasi mama yako. Meneja akanishika mkono, akamchekea mpiga picha, kisha akaniinamia: "Hongera sana. Wewe uko idara gani vile?"

Miaka kumi na moja, mwanangu. Na kila alipokagua usiku alipita nyuma ya mgongo wangu na tochi yake. Picha ile iko kwenye albamu. Huwa mnasema baba siku hiyo alinuna, amepewa baiskeli na hacheki. Ndiyo hiyo sababu.

Wala sitajifanya mtakatifu: baiskeli niliipenda. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Ilibeba unga, ilikubeba wewe na surua yako. Kwa hiyo anayesema tuzo si kitu, si mimi.

Ila kuna na yale maziwa. Kila zamu tulipewa nusu lita, eti ya kupambana na vumbi la pamba. Unayakumbuka, ndiyo yaliyokuwa yanafika nyumbani kwenye chupa ya chai, mkayagombania. Siku hizi daktari ananiambia maziwa hayaondoi vumbi kifuani, dawa ilikuwa kulipunguza vumbi lenyewe. Mashine za kulivuta ziliharibika, zikakaa hivyo miaka. Maziwa hayakukosa hata siku moja. Tulishukuru sana, na mimi nilishukuru.

Nimewaambia tangu mko wadogo, na mnacheka: anayekuthamini huuliza. Usiku uliozaliwa, msimamizi wa zamu yetu, yule mzee mrefu wa Mahenge, aliletewa habari getini. Hakuita mtu. Alivua koti, akasimama kwenye mashine zangu sita, akanionyesha mlango kwa kidole. Nikapanda baiskeli hiyohiyo. Kesho yake kitabuni nimeandikwa nimefanya kazi, naye ananiuliza kwa midomo, "Mama na mtoto?" Yeye hakuna aliyempandisha jukwaani. Lakini ngoja, niseme yote: mwezi uliofuata alinikata siku nzima kwa kuchelewa dakika kumi. Mpaka leo sijui nimweke wapi.

Tulikuwa na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, ibara ya 15 tukiijua kwa moyo, iliyowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Nyie mna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo. Likizo siku 28 kwa mwaka, kwa mshahara. Mwajiri anaweza kupanga lini uende, lakini isipite miezi sita baada ya mwaka wa likizo kwisha. Kuvuka hapo mpaka wewe ukubali, tena pawe na sababu ya kazi. Ulikubali? Ulisaini chochote? Tafuta barua zako. Nilikuwa mjumbe wa tawi la JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya enzi zetu, mambo haya yananiwasha mdomo.

Unataka niseme pokea au kataa. Mama yako yuko hapa anasoma begani kwangu, amenikataza; ana hofu utaacha kazi kwa ajili ya hasira zangu za 1986. Basi sisemi. Ningekuwa mimi, barua ya likizo ingefika mezani kwao kabla ya hiyo Mei Mosi… haya, amenifinya.

Baiskeli iko stoo, gurudumu la nyuma limepinda. Wakikuachia uje, tutaipeleka kwa fundi.

Baba yako