Kabla ya kurusha gemu laivu, pima mdomo wako

Anayetaka kuanza kurusha gemu laivu, yaani kuwaonyesha watu mtandaoni gemu anayocheza, huniuliza kwanza kuhusu kamera, kisha kompyuta. Mimi humuuliza: unaweza kuongea peke yako kwa saa mbili? Wengi hucheka wakidhani natania.

Gemu hiyo hiyo inachezwa na maelfu ya watu wengine. Mtazamaji anayebaki kwako amekufuata wewe. Ibai Llanos, mrushaji maarufu wa Hispania, alianza kama mtangazaji wa mashindano ya gemu ya League of Legends, na kilichomtoa ni mdomo, si vidole. Hata Ninja, mrushaji mwingine maarufu na fundi wa kweli wa gemu ya Fortnite, alivuta watazamaji zaidi ya 600,000 kwa wakati mmoja mwezi Machi 2018 siku aliyocheza na mwanamuziki Drake huku wakipiga soga.

Kwa hiyo sema unachowaza kabla hujakifanya: "Nimesikia hatua nyuma ya ghala, ngoja nirushe guruneti kwanza." Sema hata kama idadi ya watazamaji inasoma sifuri. Mimi huificha kabisa hiyo idadi, kwa sababu nikiiona inashuka, sauti yangu nayo inashuka, na anayeingia dakika hiyo anakuta mtu kanuna. Mtu akiandika kwenye chati, soma jina lake kwa sauti, mjibu, kisha mrudishie swali.

Vifaa havina maneno mengi. Nunua maikrofoni kabla ya kamera. Picha mbovu watu huivumilia, sauti inayokwaruza huwafukuza. Programu ya kurushia, OBS Studio, ni ya bure na inatosha. Tumia waya wa intaneti ukiweza, na uangalie kasi ya kupakia, maana ya kupakua haikusaidii sana hapa.

Usijenge kila kitu kwenye jukwaa moja. Ninja huyo huyo alihamia Mixer, jukwaa la kurushia gemu la Microsoft, mwaka 2019. Julai 2020 Microsoft ikalifunga. Yeye alikuwa na jina la kumbeba, wewe huna bado. Kata vipande vizuri, viweke na kwingine, na uhifadhi video zako mwenyewe.

Kinachochosha kuliko yote ni ukaribu. Mtu anayekusikiliza kila usiku hukuona ndugu, ilhali wewe unamjua kwa jina la utani tu. Kuna watakaomwaga siri nzito kwenye chati, usiku wa manane, mbele ya watu wote. Mjibu kwa upole na umshauri amtafute mtu wake wa karibu, usijifanye daktari. Mtaa unaoishi usiutaje, na dirisha lisionekane kwenye kamera.

Mapema kabisa, chagua mtu mmoja au wawili unaowaamini uwape mamlaka ya kufuta matusi. Huwezi kulenga shabaha na kufukuza watukanaji kwa mikono hiyo hiyo miwili.