Wameisifu dashibodi, mbona hawaifungui?

Swali: Assalamu alaykum. Nashughulikia takwimu za afya Wete, Pemba. Tumetengeneza dashibodi, yaani ukurasa wa mtandaoni wenye ramani na chati, ya kichocho na kuharisha kwa kila shehia, eneo dogo linaloongozwa na sheha. Tuliwaita masheha na wahudumu wa afya wa jamii tukawaonyesha, wote wakasema nzuri. Sasa hakuna anayeifungua. Mhudumu mmoja ana uoni hafifu, naye hatukumfikiria. Tungewashirikisha vipi?

Jibu: Waalaykum salaam. Mgeni katoka wilayani na projekta yake, soda zishagaiwa, nani atasimama aseme hajaelewa? Ukimuuliza mtu "mnaionaje?" utajibiwa kwa adabu tu.

Mpe kazi. Akiwa na simu yake mwenyewe, mwambie: "Itafute shehia yako, kisha niambie kichocho kimepanda au kimeshuka tangu mwaka jana." Halafu nyamaza, wala usimwoneshe kwa kidole. Pale anapokwama ndipo penye kazi yako. Watu watano au sita wa aina mbalimbali watakufichulia mengi.

Lakini hata hilo ni la pili. La kwanza ni kuwauliza, kabla hamjachora chochote, wanaamua nini na wanakosa taarifa gani. Kichocho huambukizwa kwenye maji yasiyo na chumvi yenye konokono wanaobeba vimelea vyake, na sheha anataka kujua watoto wazuiwe kuoga mto gani, au bonde gani la mpunga. Dashibodi yenu inampa shehia nzima iliyopakwa rangi nyekundu. Majina ya mito na mabwawa hayamo kwenye mfumo, wenyeji wanayo. Wayataje wao, muyaingize kwenye ramani. Kuwaita wachague rangi za chati si kushirikisha.

Idadi tupu nayo hupotosha, maana shehia yenye watu wengi, au iliyopimwa zaidi, itaonekana mbaya kila siku. Andikeni "watoto 8 kwa kila 100 waliopimwa", na pembeni muoneshe waliopimwa ni wangapi.

Kuweni waangalifu sana na namba ndogo. Shehia ikiwa na wagonjwa 2, majirani watawajua, na msichana anayekojoa damu hataki kujulikana. Chini ya 5 msitoe namba kamili. Ikiwa jumla ya wilaya inaonekana, ficheni na shehia ya pili, vinginevyo mtu atatoa kwa hesabu na kuipata ile mliyoificha.

Kwa mwenye uoni hafifu, uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, na rangi peke yake isibebe maana. Simu za Android zina TalkBack inayosoma skrini kwa sauti, ila ramani haisomeki, kwa hiyo wekeni jedwali na sentensi moja ya maelezo. Muiteni huyo mhudumu, na watu wa ZANAB, jumuiya ya wasioona, wakati bado mnachora.

Wanawake wakae kikao chao, mbele ya sheha wengi hawasemi. Ijumaa muiache, msimu wa karafuu pia, na nauli mlipe nyinyi.

Wapo watakaobaki na vitochi vyao, simu ndogo zisizofungua dashibodi, na si kosa lao. Kila mwezi chapisheni ukurasa mmoja wenye namba zile zile na tarehe, mubandike kwenye ofisi ya sheha na kituo cha afya. Maandishi yawe makubwa.