Maswali ya Wasomaji: Japani Inadaiwa Kuliko Wote, Mbona Haianguki?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa historia, na wanafunzi wameniuliza jambo nikakosa jibu. Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato lake la mwaka, na maisha yanaendelea. Zambia kwa kipimo hicho hicho ilidaiwa pungufu, lakini mwaka 2020 ilishindwa kulipa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mbona Wajapani hawamalizi deni lao na hakuna anayewabana? Na nchi moja ikikwama, wengine wanaumia kwa njia gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wahenga walikuwa wanasema na mtu mmoja mmoja. Mtu huzeeka na kipato chake hukoma, kwa hiyo anayemdai anataka wamalizane angali ana nguvu. Serikali haistaafu. Hati fungani yake, yaani karatasi ya mkopo inayowauzia wadai, ikiiva (siku ya kulipwa ikifika), inauza nyingine na kumlipa mdai wa zamani kwa fedha za mdai mpya. Marekani inaishi hivyo, Ujerumani hivyo, Japani hivyo. Ndiyo maana nikitaka kujua hali ya nchi huanza na kuuliza: kesho atapatikana wa kununua hati mpya, na atataka riba kiasi gani?

Japani imekopa kwa yeni, sarafu yake yenyewe, na wanaoidai wengi ni Wajapani wenyewe: benki zao, kampuni zao za bima, na Benki Kuu yao ambayo inashikilia karibu nusu ya hati hizo. Zambia ilikopa sehemu kubwa kwa dola kutoka nje. Kwacha, sarafu ya Zambia, ilipoporomoka, deni la dola lilizidi uzito hata bila kukopa senti mpya. Novemba 2020 ilifika siku ya mwisho ya kulipa riba ya dola milioni 42.5, na fedha hizo hazikulipwa.

Sasa niwaonyeshe jinsi kamba inavyokaza, maana nimekaa miaka mingi kwenye dawati la hati fungani na jambo hili nimeliona kwa macho. Chukua hati ya 100 inayolipa 5 kila mwaka. Inatoka habari mbaya kuhusu bajeti. Mwenye hati anaogopa, anaiuza kwa 90. Aliyeinunua naye anaogopa, anaiuza kwa 80, na jioni inapatikana kwa 70. Anayenunua kwa 70 anapata 5 zile zile, yaani zaidi ya asilimia 7 ya fedha aliyotoa, na hati ikiiva atalipwa 100 kamili. Siku hiyo waziri wa fedha hajasaini karatasi yoyote. Lakini akija sokoni kesho kutafuta mkopo wa asilimia 5, nani atampa? Atalazimika kukopa kwa bei ya hofu ya watu wengine. Riba ikipanda, bajeti inazidi kuharibika, na walioogopa wanajiona walikuwa sahihi.

Hofu hiyo inaweza kuvunjwa. Tarehe 26 Julai 2012, Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, alitamka jijini London kwamba benki yake itafanya lolote linalohitajika kuilinda yuro. Riba za Hispania na Italia zilianza kushuka. Mpango wa kununua hati uliotangazwa baada ya kauli ile haujatumika hata mara moja.

Kuhusu kuambukizana: uchumi wa Ugiriki haukufika asilimia 3 ya uchumi wa nchi za yuro, lakini hati zake zilikuwa ndani ya benki za Ufaransa, Ujerumani na Cyprus. Machi 2012 wakopeshaji binafsi walipokubali kupunguziwa zaidi ya nusu ya thamani ya hati zao, benki za Cyprus zilipata pigo zito. Mwaka mmoja baadaye, watu waliokuwa na zaidi ya yuro 100,000 katika benki kubwa ya kisiwa kile walinyang'anywa karibu nusu ya kiasi kilichozidi hapo, wakapewa hisa. Hawakuwahi kuikopesha Ugiriki. Waliweka akiba tu.

Njia nyingine ni ya wawekezaji. Urusi iliposhindwa kulipa Agosti 1998, waliopata hasara kule walihitaji fedha taslimu haraka, wakauza walichonacho kwingineko, Brazil ikiwemo. Januari 1999 Brazil ikashindwa kuilinda sarafu yake.

Lakini kinachonikera kuliko yote ni kuchelewa. Mei 2010 Ugiriki ilipewa mkopo wa yuro bilioni 110 wakati wenye kuona walishaona kwamba deni lile halilipiki. Likapunguzwa baada ya karibu miaka miwili, na katika muda huo benki binafsi nyingi zilipata nafasi ya kujitoa huku mzigo ukihamia kwa walipa kodi. Shirika la Fedha Duniani, IMF, lenyewe lilikiri hivyo katika tathmini yake ya 2013. Mwaka huo zaidi ya robo ya Wagiriki wanaotafuta kazi hawakuwa nayo. Na Zambia? Wenye hati walikubaliana nayo 2024, karibu miaka minne baada ya kukwama. Kampuni ikifilisika kuna mahakama ya kuipokea, nchi haina. IMF ilipendekeza utaratibu wa namna hiyo 2001, ukatupwa 2003 kwa kupingwa na Marekani na wengine. Naona lilikuwa kosa kubwa, na wanaolilipia hawakuwa chumbani.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wadai wanaweza kunyakua mali za nchi?

JIBU: Wanajaribu, mwanangu. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, Libertad, ilizuiwa bandari ya Tema, Ghana, kwa ombi la mfuko wa uwekezaji uliokuwa unadai fedha za hati zilizokwama tangu 2001. Desemba mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari iliamuru iachiwe, kwa kuwa meli ya kivita ina kinga. Hata hivyo mfuko ule na wenzake waliokataa mapatano ya kupunguza deni walivumilia hadi 2016, wakalipwa vizuri kuliko waliokubali mapema. Tangu 2014 hati nyingi mpya za kimataifa zina kifungu kwamba wadai wenye robo tatu ya thamani ya deni wakikubali mpango, waliobaki nao wanafungwa nao. Mikopo ya moja kwa moja kutoka benki na serikali nyingine haimo ndani ya kifungu hicho.