Maswali ya Wasomaji: Wiski inayonuka kiberiti

SWALI, kutoka Kampemba, Lubumbashi: Jambo wahariri. Shemeji yangu amerudi kutoka Ubelgiji na chupa ya wiski ya Uskoti, Benrinnes ya miaka 15, asilimia 43. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kusikia jina hilo. Tulipoifungua, harufu iliyotangulia ilikuwa ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, tena na kama mchuzi wa nyama. Mzee mmoja akasema imeharibika. Tuitupe?

JIBU: Msiitupe, ndugu. Harufu hiyo inatokana na namna kiwanda hicho kinavyofanya kazi, na ukiipa muda itapungua.

Benrinnes iko Speyside, eneo la viwanda vingi vya wiski kaskazini mwa Uskoti, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Kiwanda cha kwanza kilianzishwa 1826, mafuriko ya 1829 yakakisomba, kikajengwa upya. Hamkulisikia jina lake kwa kuwa karibu wiski yake yote huchanganywa na nyingine ndani ya chupa za majina makubwa, Johnnie Walker ikiwemo. Kidogo tu ndicho hutiwa chupani peke yake. Wengi wetu tumekwisha kuinywa bila kujua.

Sasa hicho kiberiti. Sisi wa Katanga tunaijua shaba kama madini ya kuuza. Kwa mpika wiski, shaba ni kisafishio, maana hukamata salfa, yaani hicho kiberiti kinachonuka, iliyo ndani ya mvuke wa pombe inayochemshwa. Viwanda vingi hupoza mvuke kwa kuupitisha katika mabomba mengi membamba ya shaba, kwa hiyo unaigusa shaba sana. Benrinnes hutumia bomba moja refu lililozungushwa kama nyoka ndani ya pipa kubwa la maji baridi. Aliyeona lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, ikipikwa ataelewa haraka. Mvuke unageuka kuwa maji upesi kabla shaba haijamaliza kazi, na salfa nyingine inabaki. Baadaye pipa la mwaloni, ambalo ndani limechomwa, huinyonya mwaka hadi mwaka. Inayosalia ndiyo inayoipa wiski hii uzito wa nyama, na kwa maoni yetu ndiyo sababu ya kuitafuta.

Mimineni mililita 30 katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi ndogo ya divai inafaa. Iacheni wazi mezani dakika 20, kiberiti kiondoke. Kisha nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, pua ikae ukingoni mwa glasi. Ukiitumbukiza ndani, pombe inaitia ganzi na hutasikia kitu kingine kwa dakika kadhaa. Kunywa funda dogo, lizungushe mdomoni kwa kuhesabu mpaka 15, ndipo umeze. Funda la kwanza huchoma tu. La pili ndilo la kupima.

Baada ya hapo tia maji, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kumimina kutoka kwenye chupa. Nunueni famasini bomba la sindano jipya la mililita 5, bila sindano yenyewe. Tieni mililita 2.5, tikiseni taratibu, ngojeni dakika 3, onjeni. Ongezeni 2.5 nyingine. Hapo asilimia 43 imeshuka hadi kama 37. Mchuzi wa nyama unarudi nyuma, na tafuteni nyuma yake ganda la chungwa lililokauka, karanga zilizokaangwa, ngozi mpya, sukari iliyoungua. Mkiona imekuwa nyepesi kama chai iliyopoa, mmepita kipimo. Maji yawe ya chupa. Ya bomba yana klorini, nayo hufunika kila kitu. Barafu msitie, baridi huzima harufu. Michopo (nyama choma) na pilipili vije baada ya kuonja.

Iliyoharibika ina dalili nyingine: kartoni iliyolowa, ambayo ni kosa la kizibo, au yai bovu lisilopungua hata baada ya saa nzima. Na rangi isiwadanganye. Sheria ya wiski ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa wiski hauthibitishi umri wala uhalali. Kama mna wasiwasi kwamba ni ya kuiga, angalieni kama kifuniko kilikuwa na alama ya kufunguliwa na kufungwa tena, na kama lebo imebandikwa sawasawa.

SWALI, kutoka Katuba: Chupa ya baba ya miaka 12 imekaa kabatini miaka 10. Sasa ni ya miaka 22?

JIBU: Hapana, bado ni ya 12. Namba ya lebo huhesabu miaka ya ndani ya pipa tu, tena ya wiski changa kuliko zote zilizotiwa humo. Ndani ya chupa haizeeki. Inaweza kuharibika, hilo ndilo la kuangalia. Isimamisheni wima, kwa kuwa pombe kali hula kizibo. Kulaza ni kwa divai. Mwezi wa 10, joto likipanda, isikae juu ya kabati karibu na mabati: wiski hutanuka na kukisukuma kizibo. Mkiifungua na kizibo kikavunjika, ichujeni kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Ikishuka chini ya nusu, ihamishieni kwenye chupa ndogo safi, ijae hadi shingoni.