Unga, dawa ya karafuu au silikoni?

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Mamangu ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, hana jino hata moja. Meno yake ya bandia yamechakaa. Ya chini yanamruka kila akitafuna. Tunataka atengenezewe mapya. Daktari wa kwanza atapima, yaani atachukua umbo la fizi, kwa unga wa kukoroga na maji. Wa pili anatumia dawa inayonukia karafuu. Wa tatu ametaja silikoni, na bei yake imetushtua. Mama anatumia dawa za presha na kinywa chake hukauka sana. Tushike ipi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Huo unga ni alginati, asili yake mwani wa kahawia. Sina ugomvi nao kwa kipimo cha kwanza: bei nafuu, huganda kwa dakika chache, haumsumbui mtu. Ubaya wake ni maji. Ukiachwa wazi hukauka na kusinyaa. Ukitiwa majini huvimba. Plasta, ile jasi ya kutengenezea mfano wa fizi, imiminwe ndani ya kipimo papo hapo, robo saa isipite. Mimi hapa Malindi huletewa vipimo vya alginati kutoka visiwani, vimefungwa kwenye mfuko, vimevuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi. Ukivitazama ni vizuri, kila mkunjo wa fizi unaonekana. Meno yakishatengenezwa, hayashiki.

Dawa ya karafuu ni mirija miwili inayochanganywa, zinki oksaidi na yujinoli, ambayo ndiyo inayopatikana kwenye mafuta ya karafuu. Ikiganda huwa ngumu na haisinyai ovyo. Kwa fizi ya chini iliyokwisha, naipenda kuliko zote. Lakini huchoma, na kwenye kinywa kikavu hung'ang'ania. Kwa mamako, hapana.

Silikoni huvutika kisha ikarudi umbo lake, na ile ya daraja la juu hukaa siku kadhaa bila kubadilika, kwa hiyo safari ya boti si neno. Huko Leeds, Uingereza, wagonjwa walitengenezewa seti mbili kila mmoja, moja kwa kipimo cha alginati na nyingine cha silikoni, bila kuambiwa ipi ni ipi. Matokeo yalichapishwa 2014: wengi walichagua ya silikoni. Daktari tu asiikande na glavu za mpira wa latex mkononi, maana salfa iliyomo huizuia kuganda.

Ila kabla ya kuuliza bei, muulize huyo wa tatu: "Utapima mara ngapi?" Jibu ninalotaka ni mara mbili. Kwanza alginati, plasta imiminwe palepale kliniki, itengenezwe trei, yaani kibebeo cha dawa ya kupimia, ya kinywa cha mama mwenyewe. Siku nyingine kingo za trei ziwekewe kile kijiti cha kijani cha kupimia kingo za fizi, kilicholainishwa kwa moto, mama atoe ulimi, avute midomo, ndipo silikoni iingie, tena kidogo tu. Akikwambia anapima mara moja kwa trei ya chuma ya dukani, pesa zenu zitaliwa bure, hata kama silikoni ni ya dhahabu.

Na yale meno ya zamani ayavue siku nzima, usiku na mchana, kabla ya kupimwa, ili fizi zilizobanwa zirudi mahali pake. Atanung'unika. Mpikieni uji, na siku hiyo msikaribishe wageni.