Jibu: Muscat au Istanbul baada ya korosho?

Salaam kaka. Umekwama hapa: hela ya korosho imeingia, Januari unataka kumtoa shemeji siku tano nje ya nchi, na huamui kati ya Muscat na Istanbul. Mie wa Mikindani nimefika kote kuwili.

Anza na hali ya hewa, tiketi baadaye. Januari Istanbul ni baridi ya mvua, hata theluji huanguka. Nilikwenda na koti la kuazima, nikaishia kushinda ndani nakunywa chai. Muscat mwezi huo mchana ni kama nyuzi 25, unatembea bila shida. Kiangazi ndiyo usithubutu, inapita 40.

Muscat niliipendea Mutrah, mtaa wa zamani wa bandarini. Soko liko pwani, ubani unanukia hadi barabarani. Nilikuwa nanung'unikia bei ya kitambaa, mzee mwenye duka akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja! Wenye asili ya Zanzibar wapo wengi kule, kwa hiyo chunga mdomo. Nenda asubuhi au jioni, mchana maduka mengi hufungwa. Na riali moja ya Oman ni baiza 1,000, usidharau ukiambiwa "moja na nusu": ni riali moja na baiza 500.

Istanbul raha yake kivuko: unapandia Eminönü upande wa Ulaya, unashukia Kadıköy, Asia. Sisi wa kuvuka kwenda Msangamkuu tumezoea maji, lakini si kuhama bara! Soko Kuu lao hufungwa Jumapili.

Kwa Januari, mpeleke Muscat. Dubai uliyoigusia mwishoni nimeishia uwanja wa ndege tu, siisemei.