Muuguzi anajibu: Zile namba kwenye faili la mgonjwa

Shikamoo dada. Baba amelazwa hapa Dodoma mjini, kiharusi kimempooza upande mmoja. Nesi kamkagua, akaandika "Braden 13". Ni asilimia? (Kijana wa Chamwino)

Marahaba. Si asilimia. Kipimo hicho kinaangalia mambo sita: anavyohisi maumivu, unyevu wa ngozi, kama anatoka kitandani, kama anajigeuza, anavyokula, na anavyoburuzika kwenye shuka. Jumla ni 6 hadi 23, na namba ikishuka, hatari ya vidonda vya kulalia inapanda. Kuanzia 18 kushuka tayari yuko hatarini.

Sasa kazi yenu, maana usiku nesi mmoja ana wodi nzima. Mgeuzeni kwa ratiba mtakayopewa, mara nyingi kila saa mbili. Mkimsogeza, mnyanyueni wawili kwa shuka. Zile glavu za maji chini ya visigino (bado naziona wodini!) ziondoeni, wekeni blanketi lililokunjwa chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo papaseni makalio na nyonga: pakiwa na joto au ugumu kuliko pembeni yake, mwiteni nesi, msipasugue. Na kabla ya kumpa uji, ulizeni kama kumeza kwake kumepimwa.

Tukiwa mazoezini, partogramu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua) tunaijaza mama akishajifungua. Ina faida gani? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mpwapwa)

Ikijazwa hivyo, haina. Hayo ni maandishi ya kumridhisha mkaguzi. Watafiti Philpott na Castle walichora mstari wa tahadhari kwenye chati hiyo mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ili mkunga aliye mbali na chumba cha upasuaji ajue mapema nani wa kupewa rufaa. Ukichora mtoto akiwa ameshalia, umempa nani rufaa? Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahesabu uchungu kamili kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5, si 4 kama zamani. Muulize msimamizi kituo chenu kinatumia chati ipi, msizichanganye.

Mdogo wangu kagongwa na bodaboda, wameandika GCS 15, tukaruhusiwa. Nihofu? (Msomaji, Kongwa)

GCS ni kipimo cha fahamu: 15 ndiyo ya juu kabisa, ya chini ni 3. Ila ni hali ya saa ile aliyopimwa. Akianza kutapikatapika, kusinzia kupita kawaida au kichwa kuzidi kuuma, mrudisheni usiku huohuo.